Hita ya Mkono Baridi

Mama alisema haendi, na alipolisema hilo alikuwa ameshavua viatu. Alivipanga chini ya kitanda, kimoja kando ya kingine, akajivutia blanketi mpaka kidevuni na kugeukia ukutani. Ilikuwa Alhamisi, saa kumi na mbili na robo asubuhi. Ukungu ulikuwa umelala barabarani, na gari lilikuwa linanguruma uani tangu dakika ishirini zilizopita, likimsubiri yeye.

"Mama, mashine haisubiri mtu," alisema mwanawe akiwa amesimama mlangoni, funguo mkononi.

"Na mimi sikuiambia inisubiri."

"Daktari alisema mara mbili kwa wiki, bila kukosa."

"Daktari hapandi gari lako, baba."

Gari hilo mwanawe alilijua mpaka uvungu. Alikuwa fundi wa magari kwa miaka ishirini na miwili. Mama yake alikuwa na figo zilizochoka, na kila Jumatatu na Alhamisi ilibidi apelekwe hospitali iliyo ng'ambo ya mlima, mwendo wa saa moja na nusu, akalazwe kando ya mashine inayotoa damu, kuisafisha na kuirudisha mwilini. Kila anayetoka kwenye mashine hiyo hutoka anatetemeka. Wauguzi walishawaambia kuwa hilo ni la kawaida, mtu afunikwe tu na apate joto. Mama alifunikwa mablanketi mawili, kisha akaingizwa kwenye gari ambalo hita yake ilimpulizia miguuni upepo wa mlimani, saa moja na nusu nzima. Jumatatu iliyopita meno yaligongana mpaka akajing'ata ulimi.

"Basi leo sitaiwasha kabisa," alisema fundi.

"Usipoiwasha kioo kinajaa ukungu, unaendesha kwa kukisia. Nife kwa baridi au nife korongoni, nichague mimi?" Akalivuta blanketi tena. "Nimechoka kutetemeka. Hita yako ikipona, nitakwenda. Isipopona, mniache kitandani kwangu."

Fundi akatoka nje, akazima gari. Mkewe, aliyekuwa dirishani na chupa ya chai mkononi, aliirudisha mezani bila kuuliza kitu.

*

Pale gereji hakuna aliyemwita fundi kwa jina lake. Walimwita Mkono Baridi, na ilikuwa sifa. Mji ulikuwa chini ya mlima, na mlima ule ulikuwa umechemsha magari mengi. Lakini gari lililopita mikononi mwake halikuchemka, lipande na mzigo gani. Juu ya mlango wa gereji alining'iniza waya mrefu, na kwenye waya ametunga vidude vya shaba na chuma, mfano wa samaki waliovuliwa, arobaini na kimoja kwa hesabu. Mteja mpya akiuliza ni nini, Mkono Baridi alimjibu kwa upole wa mtu anayejua. "Hivyo ndivyo vinavyochemsha magari ya watu."

Ijumaa alifunga gereji mapema, akaanza kulipekua gari lake mwenyewe. Mganga hajigangi, lakini huyu alijitahidi. Alikagua maji ya rejeta, yakawa yamejaa. Alifungua kifuniko, akaiacha injini iendelee mpaka mapovu ya hewa yakaisha. Alichomoa paipu mbili zinazokwenda kwenye hita, akaingiza mpira wa maji ya bomba na kuisafisha hita kinyumenyume, yakatoka maji ya kutu mara moja tu, kisha yakatoka safi. Alilala chali chini ya dashibodi akaufuata waya wa kufungulia joto kwa vidole, akaukuta unacheza vizuri. Feni nayo ilipuliza kwa nguvu za kupeperusha karatasi.

Akarudisha kila kitu mahali pake, akaendesha mpaka nusu ya mlima na kurudi, kisha akashika zile paipu mbili kwa viganja. Fundi yeyote angejua la kutafuta hapo. Moja ikiwa ya moto na ya pili baridi, hita imeziba. Zote zilikuwa vuguvugu sawasawa, kama maji ya kumnawishia mtoto.

"Ni pampu ya maji," alijiambia kwa sauti, ingawa pampu aliibadilisha mwenyewe mwaka jana.

Wakati huo mwalimu mstaafu alipita na gari lake dogo jeupe, la aina ileile kama la fundi. Alikuwa amevaa kofia ya sufu na glovu, na skafu imezungushwa mara mbili shingoni, yote hayo akiwa ndani ya gari. Alipunguza mwendo, akateremsha kioo.

"Fundi, mama anaendeleaje?"

"Yupo, mwalimu. Tunashukuru."

"Ile hita yangu siku moja utaitazama?"

"Mwalimu, nilishakwambia," alisema Mkono Baridi, akifuta mikono kwenye tambara. "Hita za magari haya ni pambo tu. Wametuwekea tufurahi."

Mwalimu akacheka kwa heshima, akapandisha kioo. Fundi akarudi kuinamia injini ya gari lake, na safari hii utani wake haukumchekesha.

*

Jumamosi miguu ya mama ilikuwa imevimba. Ukibonyeza kidole juu ya kifundo, shimo lilibaki. Mkewe fundi, ambaye kazi yake ilikuwa kushona sare za shule, ndiye aliyepiga simu hospitali. Alisikiliza kwa muda mrefu akiwa amesimama kando ya cherehani.

"Anasema nini?" fundi aliuliza.

"Anasema Alhamisi tumeikosa na haturudishiwi. Akikosa na Jumatatu, maji yatapanda mapafuni." Akaiweka simu juu ya kitambaa. "Anasema hatutishi, anatuambia tu."

Fundi alikata boksi la katoni akalifunga mbele ya rejeta, upepo usiipige. Aliendesha mpaka sokoni na kurudi, joto likaongezeka kwa kiasi cha pumzi ya mtu. Majirani wawili waliokuwa wakibarizi kwenye ngazi waliliona boksi hilo, mmoja akauliza kama gari lina mafua. Mkono Baridi akajibu kuwa ni dawa ya vumbi. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo.

Alasiri mkewe akasema ana sare za kupeleka. Akachukua funguo, akang'oa lile boksi kwa aibu yake mwenyewe, akaondoka. Sare alizipeleka kweli. Lakini alirudi kwa njia ya darajani, na darajani palikuwa na gereji ya fundi kijana ambaye mumewe alimwita Glovu, kwa sababu alifanya kazi amevaa glovu za mpira. "Fundi gani anaogopa grisi?" Mkono Baridi alipenda kusema. Mke alikaa kwenye benchi la Glovu kwa dakika kumi na tano, na katika dakika hizo alijifunza jambo ambalo hakujua atalifikishaje nyumbani.

Alisubiri mpaka mumewe aketi mezani na kunawa.

"Leo nilipitia darajani," alisema.

Fundi akaacha kutafuna. "Kwa Glovu?"

"Mama yako kavimba miguu. Ningepita hata kwa mhunzi."

"Gari la Mkono Baridi, kwa Glovu. Mji mzima umeona."

"Hakulijua gari. Nilimwambia nimelinunua hivi karibuni." Alimsogezea bakuli. "Alishika paipu, akatazama mshale wa joto, akacheka. Akaniuliza, dada, gari hili lilipita kwa Mkono Baridi? Nikamwambia mimi sijui, nililikuta hivi."

Fundi aliona kuwa mkewe alimsitiri, na kusitiriwa kule kulimchoma kuliko kama angetangazwa. "Alicheka nini?"

"Anasema injini hii haijapata joto tangu iingie mjini. Kuna kidude kinazuia maji mpaka yachemke kiasi, ndipo kinafungua. Kikitolewa, maji yanazunguka ovyo, rejeta inayapoza kabla hayajapata moto. Sasa hita itapuliza joto kutoka wapi?" Akafuta meza kwa kitambaa. "Anakiita thamostati."

"Najua kinaitwaje."

"Najua unajua."

Chumba cha pili mama alikohoa, kikohozi chenye maji.

"Alikutoza shilingi ngapi?" fundi aliuliza mwishowe.

"Hakunitoza. Alisema hilo hawalitozi, wanaletewa magari ya namna hii kila wiki."

Fundi akasukuma sahani. Alikuwa na hasira, na kama mtu yeyote mwenye hasira ya aina ile, hakujua aielekeze wapi. Mshale wa gari lake ulilala chini mwaka mzima, naye alikuwa akiwaonyesha wateja kwa fahari: tazama, haliijui homa. Alishika kila kitu Ijumaa ile isipokuwa mahali pamoja, kwa sababu mahali pale alishapamaliza miaka kumi iliyopita kwa spana yake mwenyewe.

Akampigia simu muuza vipuri. Aliuliza kama anayo thamostati ya gari la aina yake, na mtu wa upande wa pili akadhani anataniwa.

"Wewe ndiye unauliza?" alisema muuza vipuri. "Hizo tuliacha kuleta zamani. Hapa nani ananunua, na wewe unatoa? Nikiagiza leo, itafika wiki ijayo, Ijumaa."

*

Jumapili baada ya chakula cha mchana, Mkono Baridi alikwenda gereji, akapanda kwenye stuli, akauteremsha ule waya. Alipita nao mtaani mpaka nyumbani ukiwa begani, unalia kama njuga, na watu waliomsalimu aliwajibu bila kusimama.

"Si sufuria ya chakula," alisema mkewe alipoona mkono wake unapoelekea.

Fundi akachukua ile ya maji ya kuoga. Mama alikuwa jikoni, kwa kuwa ndicho chumba pekee chenye joto. Walimkalisha kwenye kiti chenye mito, miguu juu ya kigoda, sinia tupu mapajani kwa ajili ya kuchambulia mboga. Alimtazama mwanawe akifunga kidude kwa uzi na kukitumbukiza kwenye maji yanayoanza kuchemka.

"Hiyo supu ya nini?"

"Napima, mama. Kikiwa kizima, maji yakiwa ya moto kinafunguka. Kikiwa kibovu, kinabaki vilevile."

Cha kwanza kilining'inia majini, kimefunga mdomo. Kisha, polepole, kama jicho la mtu aliyeamshwa, kikafunguka. Fundi akakitoa, kikapoa, kikajifunga. Alikitazama kwa muda.

"Hiki nacho ni kibovu?" mama aliuliza.

"Hiki ni kizima."

"Cha nani?"

Alimkumbuka mwenye kidude, kama alivyowakumbuka wote. "Cha muuza mkaa. Pikapu yake."

"Ulimwambia kimekufa?"

Fundi akafunga cha pili kwenye uzi. Mama akakichukua kile cha kwanza, akakifuta kwa kanga, akakiweka upande wa kulia wa sinia.

Wakaendelea hivyo alasiri nzima. Mkewe alileta kuni na kuongeza maji. Kila kilichofunguka mama alikiweka kulia, kisichofunguka kushoto, na kila mara aliuliza ni cha nani, na kila mara aliambiwa. Cha muuza maziwa. Cha basi dogo la shule. Cha mchonga mawe, yule aliyehama. Upande wa kulia ulijaa, wa kushoto ukakaa na nafasi.

"Na hiki?"

"Cha mkunga."

"Mkunga anayebeba wazazi?" Mama alikigeuza mkononi. "Na watoto wachanga wakati wa kurudi?"

"Ndiyo, mama."

"Hita yake inatoa nini?"

Fundi alikoroga maji ingawa hayakuhitaji kukorogwa. Mkewe akatoka kwenda kuleta kuni, nazo zilikuwa bado zipo.

"Kuna gari moja lilichemka," alisema fundi baadaye, akiisemesha sufuria. "Nilipoanza kazi. Kidude kilikwama, injini ya watu ikafa mlimani. Nilifanya kazi mwaka mzima bila mshahara kulipa ile injini. Unakumbuka mwaka ule."

"Nakumbuka. Tulikula mara moja kwa siku."

"Nikaapa hakuna gari litakalochemka tena mkononi mwangu."

"Kimoja kilikwama," alisema mama.

"Kimoja."

Mama akatazama sinia. Hakuwa mtu wa kupigilia msumari ulioingia.

Kidude cha gari lake mwenyewe kilikuwa na alama ya tupa ubavuni, na alikiacha makusudi mpaka mwisho. Kilikaa kwenye maji yanayotokota kwa dakika kumi. Hakikutikisika. Kilikuwa kimeshikwa na kutu kutokana na miaka ya kuning'inia kwenye umande. Fundi akakiweka upande wa kushoto kwa mkono wake, kikawa cha saba. Kulia vilikuwa thelathini na vinne.

Katika vile thelathini na vinne alipima kwa macho, kisha kwa rula. Kilicholingana na gari lake kilikuwa kimoja tu, na hakuhitaji kujiuliza kilitoka wapi.

"Hicho cha nani?" mama aliuliza.

"Cha mwalimu."

"Mwalimu gani? Yule anayeendesha gari na kofia ya sufu?"

"Huyohuyo."

Mama alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka mkewe fundi akaja kumshika mgongo. Alipotulia, alifuta macho.

"Nitakwenda kesho," alisema. "Sitaki kuzama kitandani na mimi si samaki. Lakini joto hilo ni la mwalimu, baba. Ulijue."

Fundi alitoka nje kabla jua halijazama. Alikata gasketi mpya ya kuzuia uvujaji kwa mkasi wa mkewe, akakiingiza kidude cha mwalimu mahali pake, akafunga boliti mbili, akajaza maji. Kazi yote ilichukua dakika arobaini.

*

Jumatatu mama alivaa viatu mwenyewe, ingawa kamba hazikufika kwa uvimbe. Walipoanza kupanda, upepo wa hita ulikuwa baridi kama kawaida. Kwenye kona ya pili ukawa vuguvugu. Kwenye kona ya nne mama alinyoosha kiganja mbele ya tundu la dashibodi na kukiacha pale.

"Kumbe," alisema, na hilo tu.

Lakini mshale ulikuwa unapanda. Miaka yote Mkono Baridi hakuwahi kuona mshale wa gari lake ukiinuka, na kwake mshale ulioinuka ulikuwa injini inayokufa. Mguu wake ulilegea kwenye mafuta bila yeye kuuamuru. Mara mbili alitaka kusimama afungue boneti. Mshale ukafika katikati, ukasimama katikati. Alikuwa akiutazama kuliko alivyotazama barabara, mpaka mama akamwambia aangalie mbele.

Hospitali muuguzi alimpima, akatikisa kichwa kwa ule uvimbe, akasema wamefika siku yenyewe. Alilazwa kando ya mashine kwa saa nne. Alipotoka alikuwa anatetemeka kama siku zote, midomo imekuwa ya kijivu. Mwanawe alikuwa ameliacha gari linanguruma kwa nusu saa, na alipomfungulia mlango, joto liliwapokea wote wawili usoni. Kabla hawajatoka getini, kutetemeka kulikuwa kumepungua. Kabla hawajafika kileleni, mama aliinama, akavua kiatu kimoja, halafu cha pili, akaisogeza miguu yake mitupu mpaka kwenye tundu la chini. Kisha akasinzia. Hakuwahi kusinzia njiani tangu waanze safari zile.

Karibu na mjini barabara ilikuwa inakarabatiwa, na mtu mwenye bendera nyekundu aliruhusu magari ya upande mmoja kwa zamu. Fundi alisimamishwa wa kwanza. Magari ya upande wa pili yakaanza kupita polepole, na la tatu lilikuwa dogo, jeupe. Mwalimu alimwona, akasimama ubavuni mwake, dirisha kwa dirisha, kama watu wanavyofanya wakiwa na habari ya kuulizana. Alikuwa na ile kofia, ile skafu, na pumzi yake ilitoka kinywani mfano wa moshi.

Fundi aliteremsha kioo vidole vinne tu, baridi isimfikie mama.

"Anaendeleaje?" mwalimu alinong'ona, alipoona amelala.

"Keshapata mashine. Hajambo kidogo."

"Mungu mkubwa." Mwalimu alivua glovu ili ampe mkono. Vidole vyake vilipoingia kwenye ule mwanya vilikutana na hewa iliyokuwa inatoka ndani, akashtuka. "Ah. Fundi, gari lako lina joto."

Mkono Baridi alikuwa na jibu la miaka yote, na lilikuwa fupi. Lilifika mpaka ulimini. Alimtazama mama yake, miguu mitupu, vifundo bado vimevimba, viatu vimepangwa kando, kimoja kando ya kingine.

"Lete lako kesho asubuhi," alisema. "Kuna kitu chako ninacho."

Mwalimu alimtazama. Alikuwa amefundisha watoto miaka thelathini na sita, na uso wa mtu anayeungama aliujua hata kabla ya maneno. Hakuuliza ni kitu gani. Aliuacha mkono wake palepale dirishani, kwenye ile hewa ya moto, mpaka magari ya nyuma yakaanza kupiga honi.